Bi Hafidha, Ioni na Mtungi Wangu wa Ubani

Idrisa, una haya wewe? Kwenye karatasi ya kwanza ya sherehe ya kumuaga umeandika kwamba Bi Hafidha Sharifu "alikuwa mpima chumvi". Chumvi anapima mpishi. Mimi ndiye ninayepima chumvi, kila siku ya Mungu, kwenye sufuria. Yule mwanamke alipima ioni, na wewe umekaa naye miaka mitatu, una diploma na ndevu, ukashindwa kuandika neno la herufi nne. Ndiyo maana nimekunyang'anya karatasi. Shule niliishia darasa la nne, lakini kalamu najua inashikwa upande gani.

Bi Hafidha anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia kituo chetu cha kupima maji hapa Kibiti kwa miaka thelathini na moja. Alikuja akitokea Utete, mwembamba kama mwiko, amekumbatia sanduku la chupa za kioo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupika chai hapa. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, watu wanavuka kwa kivuko pale Ndundu, na Hafidha akiambiwa aweke sanduku chini hataki. Mchuuzi mmoja alimfuata mpaka ng'ambo akimuuliza trei ya mayai bei gani.

Kazi yake ilikuwa visima na mashamba ya mpunga kule delta. Bahari inapanda kwenye mito, na kisima kilichokuwa kitamu mwaka jana mwaka huu kinakausha koo. Wakulima walizoea kuonja maji kwa ulimi kabla ya kuyafungulia shambani. Hafidha akawaambia ulimi unachelewa. Ukija kusema kuna chumvi, mpunga umeshakufa. Akawa anapima wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, anarudi kupima wakati wa maji mafu, inapojaa kidogo tu, jua lake, mbu wake, matope mpaka kiunoni. Hakuna mwaka aliokosa.

Sasa hiyo ioni ni nini? Nimemuuliza mara nyingi kuliko vikombe nilivyomwandalia, na bado kichwa changu hakijatulia. Anasema ni chembe ndogo mno yenye chaji ya umeme. Chumvi ikiingia kwenye maji inaachana vipande viwili. Kimoja kimepungukiwa na kitu kiitwacho elektroni, kingine kimezidiwa nacho. Nikamuuliza, "Yaani wamepeana talaka?" Akasema, "Talaka, bibi, lakini wanaishi nyumba moja." Halafu akaniambia yule aliyepoteza ndiye anaitwa chanya, na yule aliyepata ndiye hasi. Hesabu gani hiyo? Mwizi anakuja kwako, anaondoka na kuku, halafu wewe ndiye unaandikwa umeongezeka!

Akazidi kunivuruga aliponiambia kimoja katika vile vipande, kabla hakijawa ioni, ni madini yanayolipuka yakiguswa na maji, na kingine ni hewa ya sumu. Na sisi tunatia kwenye wali. Siku ile nilipika bila chumvi, wafanyakazi wote wakalalamika, yeye akacheka mpaka akashika mbavu.

Somo hilo la ioni alikwenda nalo mpaka kijiji cha Nyamatindi, huko ndani ya delta, akawaonyesha wanawake. Betri, nyaya mbili, balbu. Akatumbukiza nyaya kwenye maji ya chumvi, balbu ikawaka. Kwenye maji ya sukari, giza. Mzee Faraji, mwenyekiti wa kijiji, akasema, "Basi sukari yenu ya Kibiti imeisha muda." Watu wakaangua kicheko. Hafidha akaeleza kwamba sukari inayeyuka lakini haigawanyiki kuwa ioni, kwa hiyo haipitishi umeme. Mimi nilikuwepo, nimebeba chupa ya chai. Niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa.

Faida zake alinihesabia, na hizo angalau nazishika. Simu zenu hizo zinakaa na moto kwa sababu ya ioni zinazotembea ndani ya betri. Mtoto anayeharisha anapewa maji ya chumvi na sukari arudishiwe ioni alizopoteza. Moyo wenyewe unapiga kwa sababu ya ioni hizo. Sabuni ikikataa kutoa povu, ioni. Ule ukoko mweupe ndani ya birika langu, ambao nilimlaumia kila mfagizi aliyepita hapa, ioni pia. Wafagizi wote nawaomba radhi.

Lakini radhi kubwa ni ya jambo jingine, na ndilo lililonifanya niikamate karatasi hii.

Pale maabara Hafidha huwa na dumu la maji ya mvuke. Yanachemshwa, mvuke unakusanywa, unarudi kuwa maji, hayana kitu ndani. Mwaka 2019 niliyaonja, nikidhani ni yake ya kunywa. Maji hayana ladha, yamekufa! Nikasema huyu mtoto wa watu anakunywaje maji ya maiti? Nikayamimina kwenye mtungi wangu niliokwisha kuufukiza kwa ubani, kama tunavyomwekea mgeni tunayemheshimu. Mtungi haukujaa, nikaongezea maji ya bomba yapate uhai. Nikamrudishia dumu lake limejaa, linanukia. Nilijiona nimefanya la maana.

Wiki ile ile akapima kisima cha Nyamatindi, na kipimo kikasema chumvi imepita kiasi. Kijiji kikafunika kisima. Siku tisa baadaye Hafidha akarudi kule na karatasi mpya: kisima ni kizima, maji yanafaa. Mzee Faraji akamsimamisha mbele ya watu. "Wiki ile chumvi, wiki hii si chumvi. Kisima hakijahama. Tuambie nani amehama." Hafidha akasema, "Kosa ni langu." Hawakumwamini tena. Mpaka leo wanawake wa Nyamatindi wanavuka mto kwa mtumbwi kufuata maji, na mwezi ujao kisima kinafukiwa.

Na mimi? Nilimcheka. Nilisema sokoni hapa Kibiti kwamba elimu yote ile na bado anakosea.

Wiki tatu zilizopita alikuwa anamkabidhi Idrisa kazi, nami nawamiminia chai. Nikamsikia akisema: maji ya kisima cha delta ukipima chumvi yake, chukua kikombe kimoja, changanya na vikombe tisa vya maji ya mvuke, pima, kisha jibu lizidishe mara kumi. Ndiyo maana maji ya kuchanganyia yasiwe na ioni hata kidogo, kwa sababu ukizidisha, na uchafu wako unazidishwa. Nilimwaga chai juu ya daftari. Maji ya bomba yana ioni. Mtungi wangu wa udongo una ioni. Nilizitia mimi, bila kuziona, zina ubani.

Nikakumbuka kwamba siku moja kabla hajarudi Nyamatindi ndipo aliponusa dumu, akalikuta linanukia. Alikunywa kikombe, akaniambia, "Bibi, matamu." Akaosha chupa zote, akaandika juu ya dumu kwa wino mwekundu: SI YA KUNYWA. Alijua. Miaka sita alijua, akanywa chai yangu kila asubuhi, akabeba jina la mkosaji aliloandikwa kule Nyamatindi. Kwa nini? Sielewi. Kila nikidhani nimeelewa, napotea tena. Labda ndiyo ile hesabu yake, kwamba aliyepoteza ndiye chanya. Au labda alinionea huruma tu, na mimi huruma siitaki.

Mwanangu Hafidha, kituo kinakushukuru kwa kila kisima, kila chupa, kila safari ya matope. Mungu akupe afya na usingizi, mpunga wako kule Mkongo ustawi, na wajukuu wakuulize maswali mepesi kuliko yangu. Lakini hujaondoka bado. Jumatatu ni siku yako ya mwisho ya kazi.

Mzee Faraji, umekaa meza ya mbele, karatasi hii unayo mkononi. Kosa lilikuwa la Bibi Waride, mpika chai. Umesikia? Rudisha jina la watu. Na yule kijana uliyemwagiza kifusi, mwambie asubiri.

Idrisa, Jumatatu alfajiri pakia boti. Mpeleke Bi Hafidha Nyamatindi, kifunueni kile kisima, na kikombe cha kupimia akishike Mzee Faraji mwenyewe, wanawake wote wakitazama. Maji ya kuchanganyia yachote wewe, kwenye dumu lenye maandishi mekundu. Mimi nakuja na chai tu.