Dakika Tatu za Nyongeza

ELSIE: Haloo? Kwa Waruguru, tunashona. Ni nani?

DALMAS: Haloo... haloo? Unanisikia?

ELSIE: Nasikia upepo tu. Sema kwa nguvu, hapa kuna mashine tatu. Ni nani?

DALMAS: Ni mimi.

ELSIE: Mimi hana jina?

DALMAS: Ni mimi, Mama Nafula. Habari ya asub—

ELSIE: Usiniite hivyo.

DALMAS: Elsie—

ELSIE: Hiyo jina ya Nafula usiitaje kwa mdomo yako, Dalmas. Bwana ni bwana lakini kuna mipaka. Nani alikupea namba ya hapa?

DALMAS: Ndugu yako, Opiyo.

ELSIE: Opiyo! Atanitambua. Na unapigia wapi, mbona inakwaruza hivi?

DALMAS: Ni simu ya mkono, ya Gakuru wa hadwea. Nimesimama juu ya pikapu, huko nyuma, ndio nipate netiwaki. Hapa Kitengela nikishuka chini tu inapotea.

ELSIE: Pikapu. Bado uko nayo.

DALMAS: Bado.

ELSIE: Na inawaka?

DALMAS: Inawaka.

ELSIE: Ala! Siku hizi inawaka. Haya, sema chenye unataka, niko na sare za shule hapa mpaka kwa shingo. Ama wacha niseme mimi. Jana ilikuwa Jumatano, ilikuwa fainali, Bayern ilicheza. Leo asubuhi na mapema Dalmas Nalianya amenikumbuka. Miaka mbili hujapiga hata—

DALMAS: Sikupigia hiyo—

ELSIE: Nimalize! Miaka mbili hujapiga hata kuuliza kama nakula. Leo unapiga. Nikupe hongera? Nikupigie vigelegele hapa mbele ya wateja?

DALMAS: Nimepiga juu ya cherehani! Opiyo amesema anakuja Jumamosi kuibeba.

ELSIE: Ni yangu. Nilikuja nayo kwako, inatoka.

DALMAS: Najua ni yako. Lakini Elsie, hiyo ndio kitu yako imebaki kwa hii nyumba. Ikitoka... ikitoka si basi? Si hapo tumeachana kabisa?

ELSIE: Sasa umeanza kuelewa.

DALMAS: Ndio naomba. Usimtume. Na hiyo mpira sikuangalia. Hata sijui nani alishinda.

ELSIE: [anacheka] Muongo wewe!

DALMAS: Haki ya Mungu. Tangu ile siku sijawahi kuangalia. Jana watu walijaa kwa baa ya Irungu, mimi nikaingia kwa pikapu nikafunga kioo. Nikasikia wakipiga makelele. Sikuuliza ni ya nini.

ELSIE: Wewe! Wewe mwenye ulikuwa unanihubiria hii maneno tangu tukichumbiana! Nikwambie? Sabini na nne walichukua kikombe ya Ulaya. Sabini na tano wakachukua. Sabini na sita wakachukua. Themanini na mbili wakapigwa na Waingereza, themanini na saba wakapigwa na Wareno, na hiyo ulilia ukiwa kijana wa sekondari huko Kimilili. Tisini na sita wakachukua ile ingine ya UEFA, mwaka ile ulinioa, ukasema mimi ndiyo nilikuja na bahati. Si ulisema?

DALMAS: Nilisema.

ELSIE: Najua hiyo historia kuliko Baba Yetu, na sijawahi kuipenda hata siku moja! Sasa endelea wewe. Baada ya tisini na sita?

DALMAS: Elsie, tafadhali.

ELSIE: Tisini na tisa, Dalmas. Sema. Tisini na tisa ilikuwa nini?

DALMAS: [simu inakwaruza] Walifungwa na Manchester.

ELSIE: Sikuulizi Bayern! Nakuuliza kwa nyumba yangu ilikuwa nini!

DALMAS: Ile gari ilikataa—

ELSIE: Gari ilikataa! Skia yeye! Hiyo ndio uliambia baba yangu. Hiyo ndio uliambia pasta. "Gari ilikataa." Na mama yako akasema ni mimi nilikawia kusema niko na uchungu, na wewe ulikuwa umekaa hapo, ukanyamaza, ukikunywa chai. Gari haikukataa, Dalmas. Gari haina makosa.

DALMAS: Ni shetani tu alinipitia.

ELSIE: Shetani hakuwa na spana! Wewe ndio ulikuwa na spana. Nilikuona nikiwa kwa mlango nimeshika tumbo. Ulikuwa unafungua nini?

DALMAS: Elsie, niko hapa nje, watu wanapita wanaskia...

ELSIE: Wasikie! Ndio nataka wasikie! Kama unataka Opiyo asikuje, simama hapo juu ya hiyo pikapu useme. Ulikuwa unafungua nini?

[Upepo kwa simu.]

ELSIE: Haya. Kwaheri.

DALMAS: Betri! Ngoja. Nilitoa betri.

ELSIE: Ya nini?

DALMAS: Ya pikapu. Ile ya tivi ilikuwa imekufa, na stima ilikuwa haijafika kwa ploti. Ouko na Irungu walikuwa wameshakaa kwa viti wakingoja mechi. Nikatoa ya pikapu, nikaunganisha kwa tivi.

ELSIE: Na mimba ilikuwa ya miezi ngapi?

DALMAS: Ilikuwa imetimia.

ELSIE: Endelea.

DALMAS: Ukaniita. Bayern walikuwa wanaongoza moja bila tangu mwanzo. Ukasema uchungu umeanza, nikasema ngoja kidogo. Ukaniita tena, ukasema chupa imepasuka.

ELSIE: Ukasema nini?

DALMAS: Nikasema... wameongeza dakika tatu tu.

ELSIE: Dakika tatu tu.

DALMAS: Nilidhani ni dakika tatu, Elsie! Nilidhani wanachukua kikombe na tunaenda! Kwa hizo dakika wakafungwa mabao mbili. Nikarudisha betri kwa gari, ikawa imekwisha. Nazungusha ufunguo inasema tik, tik. Tukasukuma, na ilikuwa imenyesha, ile matope nyeusi ikashika magurudumu. Mpaka asubuhi Sankale akapita na lori ya mchanga. Ni mimi. Gari haikukataa, ni mimi. Mungu wangu, ni mimi.

[Mashine zinasikika kwa simu.]

ELSIE: Unajua vile hiyo imenichukua miaka mbili kusikia?

DALMAS: Nisamehe.

ELSIE: Usiniombe msamaha na kadi ya simu ya Gakuru. Nafula alizaliwa kwa lori ya mchanga hapo karibu na Isinya, hakulia. Mimi nimelazwa hospitali huku Kajiado siwezi kusimama, nyinyi wanaume mkamzika bila mimi. Kaburi ya mtoto wangu sijui hata imeangalia wapi!

DALMAS: Iko nyuma ya tangi ya maji hapa nyumbani, imeangalia upande jua linatoka. Nimeizungusha seng'enge, mbuzi haziingii.

ELSIE: Walishinda.

DALMAS: Nini?

ELSIE: Bayern yako. Jana. Walishinda kwa penalti. Miaka ishirini na tano wamengoja, wamepata.

DALMAS: Umejuaje?

ELSIE: Niliangalia.

DALMAS: Wewe?

ELSIE: Kwa Waruguru, kwa sebule yake. Bwana yake alishangaa akaniuliza kama niko mgonjwa. Nikakaa hapo mbele kabisa, nikaangalia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Unajua kwa nini? Nilitaka kuona hicho kitu. Nilitaka kuona ni nini hiyo ilikuwa kubwa kuliko mtoto wangu. Nikasema labda mimi ndio sielewi. Labda kuna kitu huwa inaonekana.

DALMAS: Elsie...

ELSIE: Ni mpira, Dalmas. Watu wamevaa kaptura wanakimbiza mpira. Hiyo tu. Nikangoja nione ingine, hakuna.

DALMAS: [analia]

ELSIE: Usilie bado. Skia. Penalti zikaisha, wale Wajerumani wote wakaanza kukimbia kama wazimu. Sasa kipa wao, yule wa nywele kama mahindi, ndiye aliokoa zile za mwisho. Unajua alienda wapi? Aliacha wenzake. Alienda kwa yule kipa ya wale wengine, alikuwa amekaa chini analia, akamshika. Mtu hamjui! Mtu wa timu ingine! Na wewe, usiku ile, mimi niko kwa sakafu nalia, ulienda kushika nani?

DALMAS: Elsie, hiyo wacha.

ELSIE: Nani, Dalmas?

DALMAS: Nilimshika Ouko. Alikuwa analia juu ya mechi.

ELSIE: Ulimshika Ouko. Nilikuona nikiwa hapo chini kwa mlango. Ulimpiga-piga kwa mgongo ukimwambia pole. Mimi pole yangu ilikuja huko Isinya, mtoto ameshaenda.

DALMAS: Nikisema pole sasa—

ELSIE: Usiseme.

DALMAS: Lakini betri haitoki tena. Nilipeleka kwa fundi akachomelea chuma juu yake, ukitaka kuitoa lazima ukate na msumeno. Kila jioni nawasha nasikiliza. Watu hapa wanasema nimerukwa na akili, nawasha gari siendi mahali. Na tivi nilimpea Ouko.

ELSIE: Na spana?

DALMAS: Nilitupa kwa choo.

ELSIE: [anapumua] Kichwa maji wewe.

DALMAS: Ndio.

ELSIE: Waruguru, nakuja! Hizo vifungo ziko kwa mkebe!... Dalmas, uko?

DALMAS: Niko, lakini kadi inaanza kulia. Elsie, na Jumamosi?

ELSIE: Mwambie Opiyo asikuje.

DALMAS: Asante. Asante Mun—

ELSIE: Usianze kushangilia! Wewe ukishangilia mapema najua vile huwa inaisha. Jumamosi kuja wewe, saa nne, na pikapu. Lakini kwanza Ijumaa unaenda kwa baba yangu huko Rongai, unasimama mbele yake, unamwambia ile umeniambia. Yote. Na betri.

DALMAS: Nitaenda. Na mama yangu pia nitamwambia.

ELSIE: Mama yako ndiye wa kwanza, leo leo! Na mimi sirudi kwako, uelewe. Nakuja kwa Nafula. Nataka kukaa hapo nyuma ya tangi bila mtu kuniongelesha. Nikimaliza ndio nitajua kama cherehani inabebwa ama inabaki.

DALMAS: Sitaongea. Saa nne. Ama nikuje saa mbi—

ELSIE: Nimesema saa nne! Na Dalmas?

DALMAS: Sema haraka, inakati—

ELSIE: Ukifika hapa nje usizime injini.

DALMAS: Sitazi—

ELSIE: Hata nikikawia. Hata nikikawia masaa mbili, umesikia? Iache ikinguruma mpaka nikalie kiti huko ndani. Haloo? Dalmas? Haloo?... Usizime.