Dada Yetu na Miaka Miwili ya Kuketi

Wazazi wetu, majirani na nyote mliotufikia, nasoma haya kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake ninayemfuata kuzaliwa, na sauti ikinikatika mtanivumilia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa baba yetu mwashi, akamaliza shule ya msingi mwaka 1978, akajifunza ushonaji, na kuanzia 1982 cherehani yake ilikuwa barazani mwa duka la vitambaa, ambako wateja walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuvumilia pindo lililokwenda upande, hata la mtu anayejipitia zake njiani. Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1986 na shemeji yetu, dereva wa lori, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2017 aligundulika na saratani ya njia ya haja kubwa, na ili kumwokoa madaktari waliondoa sehemu yote iliyougua pamoja na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba viungo vya ndani kutoka chini, pakabaki uwazi, kidonda kikagoma kufunga, na dada akawa hawezi kuketi. Alishona amesimama, akizungusha gurudumu kwa mkono, alikula amesimama penye kabati la vyombo, na shemeji, ambaye maneno matamu hayajui, alibeba sahani yake akaenda kusimama naye.

Tarehe 5 Februari 2020 daktari bingwa alichukua msuli wa paja lake, ungali na mishipa yake ya damu, akaupitisha chini ya ngozi na kuziba ile nafasi, na dada, aliyetaka aelezwe kila mshono, akamwambia kiraka kimekaa sawa, ila paja limepandishwa cheo bila kuulizwa. Kwa wiki kadhaa alilalia ubavu, kisha siku moja nyumbani akavuta kiti, akaketi polepole, akatuona wote tumeacha kula tunamtazama, akauliza kama chakula hakiliki. Tangu hapo kumwondoa mezani ikawa kazi, vyombo vimeshaoshwa, yeye bado anapiga soga.

Ugonjwa ulirudi mapafuni mwaka 2022, akatutoka asubuhi ya tarehe 21 Agosti, mumewe amemshika mkono.

Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliomalizia nguo za wateja wake. Daktari, ulitupa miaka miwili mezani pamoja naye, tunakushukuru sana, lakini sisi tulikuwa na tamaa, tulitaka ishirini.

Dada, hatujakushiba. Lala, upumzike kwa amani.