Coletha Tarmo Akonaay, Mbunifu Aliyekataa Kuchora Saa ya Uongo (1988–2025)

Marehemu Coletha Tarmo Akonaay alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa Singe, mjini Babati, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Tarmo Akonaay na Mama Evangelina. Alibatizwa siku ya Pasaka mwaka huohuo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1996. Akiwa darasa la tano alikuta kibao cha mashine ya kusaga ya baba yake kina mshale unaoelekeza wateja kwenye zizi la jirani. Aliomba rangi, akakipaka upya, akasimama barabarani siku nzima kuhakikisha watu wanapita panapotakiwa. Baba yake alikuwa akiisimulia habari hiyo huku akicheka hadi machozi. Baada ya sekondari alisomea usanifu wa michoro mjini Arusha, akahitimu stashahada mwaka 2011.

Tarehe 26 Novemba 2016 alifunga ndoa na Bwana Nestory Massay, mwalimu, wakajenga Nangara. Mungu aliwajalia watoto wawili, Vailet na Michael.

Mwaka 2019 aliajiriwa na kampuni ya mbegu ambayo familia imeamua kutoitaja jina mbele ya jeneza hili. Kazi yake ilikuwa kubuni kurasa za mtandaoni ambazo mkulima angeagizia mahindi na maharage kwa simu. Kurasa zilipendeza, ila kati ya watu mia waliozifungua, kumi na mmoja tu ndio waliofikia mwisho. Hivyo mwaka 2021 akaletwa Salme Hatibu, mtaalamu wa kupima wageni wa tovuti wanakwamia wapi na kujaribu marekebisho yatakayowafanya wamalize walichokuja kufanya.

Hawakuanza vizuri. Salme alihamisha kitufe na kukifanya chekundu bila kumwambia aliyekibuni. Coletha aliumia, na kwa siku tatu walisalimiana tu. Siku ya nne akamwendea, wakakubaliana waache kubishana mezani, waende Nakwa kwa Mama Emerensiana, mkulima wa maharage, wamtazame akiagiza.

Mama huyo alisoma polepole, akafika kwenye nafasi ya barua pepe, akarudisha simu. "Mwanangu, barua pepe mimi sina," alisema. "Basi hapa si pangu."

Coletha aliona aibu, Salme naye vilevile. Rangi ya kitufe waliyoigombania haikuwahi kumsumbua yule mama. Tangu siku hiyo walikaa meza moja. Salme alionyesha watu wanapokwama, Coletha akachora njia ya kupitia, kisha wakajaribu pamoja. Walipomaliza, katika kila watu mia, thelathini na wanne walikamilisha oda zao.

Yaliyofuata familia haitayapamba. Kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, mkurugenzi alimpongeza Salme peke yake na kusema Coletha ni wa kupaka rangi. Salme alisimama kusahihisha, akaambiwa akae. Wiki iliyofuata walitenganishwa majengo, na Coletha akaagizwa apokee maelekezo kwa maandishi tu. Watu wawili waliokuwa wamejifunza kwa taabu kufanya kazi pamoja walikatazwa hata kuulizana swali.

Februari 2023 yalikuja maelekezo ambayo hakuyatekeleza. Alitakiwa kuchora saa inayohesabu dakika, ikimtisha mkulima kwamba mbegu zinakwisha, wakati ghala limejaa. Neno la kukataa mfuko wa ziada, ambao ukurasa ungeuongeza wenyewe kwenye oda, liandikwe kwa herufi hafifu zisizoonekana. Salme alikuwa amelazimishwa kuyajaribu hayo kwa juma moja, kwa mchoro wa muda. Oda zilipanda, kisha simu za malalamiko zikaanza kumiminika. Salme aliyachapa malalamiko yote pamoja na idadi ya oda, akavuka uwanja, akampelekea Coletha, nao wakaingia kwa mkurugenzi pamoja.

Mkurugenzi alisoma mstari wa oda, malalamiko hakuyagusa. Akamuuliza Coletha atamaliza lini kuchora.

"Sitachora saa ya uongo," Coletha alijibu. "Mama yangu ananunua mbegu hapa."

Aliachishwa kazi siku hiyohiyo, baada ya miaka minne. Salme aliacha barua yake ya kujiuzulu juu ya meza ya mkurugenzi, wakatoka pamoja. Walipanga chumba karibu na soko, wakatengeneza kurasa za vikundi vya wafugaji wa nyuki na za mafundi, na kila kazi ilibeba majina yao mawili.

Agosti 2024 Coletha aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa Moshi kwa miezi kumi, mume wake akiwa pembeni yake. Alifariki nyumbani Nangara, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Juzi kampuni ile ilileta shada lenye utepe unaomwita "msaidizi wetu wa rangi". Ukurasa wa mbegu alioubuni ungali unatumika hadi leo, nao wanauonyesha kama kazi ya mkurugenzi. Bwana Nestory alilirudisha shada hilo mwenyewe, kwa miguu, akaliacha mapokezi. Familia inatamka hapa kwamba Coletha alikuwa mbunifu, na kwamba kudharauliwa kwake kulikuwa dhuluma.

Baadhi ya ndugu walishauri mambo haya yasisomwe msibani, na kwamba mfanyakazi mwenzake asiorodheshwe pamoja na wafiwa. Lakini wiki mbili kabla ya kifo, Coletha alimwita kaka yake Alois, anayesoma wasifu huu, akampa neno lake.

"Mwandike na Salme," alisema. "Mkinisifu peke yangu, mtakuwa mmefanya kama yule bwana."

Marehemu ameacha mume, Nestory, watoto, Vailet na Michael, mama mzazi, Evangelina, ndugu watano, na Salme Hatibu, aliyefanya naye kazi.

Bwana ametwaa alichotupa. Coletha apumzike kwa amani, na jina lake libaki kwenye kazi yake.