Bi Spika, Aliyewavusha Watoto Kwenye Kona

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usikilize. Leo tunamkumbuka muuza mitumba tuliyemzika Jumamosi. Mtaani walimwita Bi Spika, kwa sababu akinadi nguo sokoni, hata aliyelala mtaa wa pili aliamka akijua bei ya mashati.

Bi Spika hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alimlea binti wa marehemu dada yake. Binti huyo leo ni mkunga, na ndiye aliyetusimulia mengi.

Alipoingia kidato cha kwanza, binti aligoma kwenda shule. Leo tumbo, kesho kichwa. Mwishowe akasema ukweli. Kwenye kona ya duka la vipuri kulikuwa na vijana wa genge. Waliwabebesha wanafunzi vifurushi vya dawa za kulevya ndani ya mikoba ya shule. Ukikataa, kipigo. Ukikubali, umekwisha. Watoto wakaanza kuacha shule mmoja mmoja. Watu wazima walijua, lakini kila mtu na roho yake.

"Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho," anasema mkunga. "Kisha akaniambia, 'Vaa viatu. Tunakwenda wote.'"

Wakaenda. Siku iliyofuata wakaenda na watoto wa jirani. Haukupita muda, likawa kundi zima, Bi Spika mbele na furushi lake la mitumba kichwani.

Asubuhi moja mkubwa wa kona, kijana aliyeitwa Chuma, akanyoosha mguu njiani.

"Mama, wewe pita. Hawa tuachie."

Bi Spika akatua furushi.

"We mtoto! Shuka alilokupokelea mama yako ulipozaliwa, nilimuuzia mimi! Leo unanizibia njia mimi?"

Kwa sauti ile ile ya sokoni, wasikilizaji! Madirisha yakafunguka. Kinyozi akatoka na mashine mkononi, mteja nyuma yake amenyolewa upande mmoja. Mtaa mzima ukatazama. Chuma akaukunja mguu wake.

Lakini wiki ile ile kibanda cha Bi Spika kikachomwa moto. Nguo zote zikawa majivu.

"Alikaa kitandani akalia sana," anakumbuka mkunga. "Nikajua ndiyo basi tena. Asubuhi nikamsikia ananawa uso. Akasema, 'Kibanda kimeungua. Shule haijaungua.'"

Akawapeleka watoto. Aliporudi sokoni akakuta turubai limetandazwa pale kibanda kilipokuwa, na juu yake magauni, makoti, hadi suruali ya kinyozi ikiwa bado na joto la pasi. Majirani walikuwa wamefungua makabati yao. "Dada, anza upya," wakamwambia. Na kuanzia siku ile, hakuwa tena mtu mzima pekee aliyewavusha watoto pale kwenye kona.

Na Chuma? Yuko hai. Ni fundi umeme.

"Nilimfuata kumwambia si mimi niliyechoma," alituambia. "Akanijibu, 'Sijakuuliza nani kachoma. Nakuuliza, shule uliachia darasa la ngapi?' Nikasema la sita. Akanivuta sikio, mimi na ndevu zangu, hadi kwa mwalimu wa masomo ya jioni. Magoti yalikuwa hayaingii chini ya dawati. Watu walinicheka, nikakaa hivyo hivyo. Wenzangu wawili wa kona ile walishazikwa zamani. Jumamosi nimebeba jeneza lake. Jinsi nilivyokuwa naishi, yeye ndiye angenizika mimi."

Bi Spika aliugua kifua kwa muda mfupi. Alifariki usingizini, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti aliyemlea.

Kwako mkunga wetu, na kwa ndugu wote, poleni sana. Asanteni kwa kutuazima mama yenu miaka yote hiyo.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi ukimwona mtoto wa jirani amekaa mlangoni saa ambazo wenzake wako darasani, usipite tu. Muulize kuna nini. Kisha subiri akujibu.