Mkia wa Kinyonga wa Mwalimu Cicily

Wapendwa waombolezaji, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya Mwalimu Cicily Wawira Kobia, na mniwie radhi nikisoma mbio mbio, kwa maana nyuma ya hema hii kuna watoto ishirini na sita ambao hawajatulia tangu asubuhi, na kusema kweli hata mimi sijatulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Manyatta, Embu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Njuki na mama Ciku, akasoma shule ya msingi hapo nyumbani, akaingia sekondari mwaka wa 1976, na mwaka wa 1982 akahitimu kuwa mwalimu, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini bila kuchoka wala kunyamaza.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Ishmael Kobia, mkulima wa ndizi hapa Mitunguu, wakajaliwa watoto wawili, Kinya na Munyi.

Alipostaafu mwaka wa 2022 tulidhani atapumzika, lakini tarehe 6 Februari 2023 aliomba banda la kupimia ndizi, ambalo huwa tupu jioni, akaanza kuwakusanya watoto wakitoka shule, wakachora, wakaimba, wakafinyanga, wakasoma hadithi kwa sauti, na sheria yake ilikuwa moja tu, kwamba anayekuja akiwa amechelewa afundishwe na mtoto mdogo kuliko wote.

Januari mwaka huu aliwauliza wanaogopa nini, wakasema kinyonga, naye akawaambia basi tutamtengeneza, mkubwa, tumwingie tumboni tutembee naye. Walimsuka kwa maganda makavu ya migomba, wakakata magamba mia tatu na kumi na mawili ya kadibodi, wakagawana kumi na mawili kila mmoja, na hivyo ndivyo wengine walivyoelewa kugawanya kwa mara ya kwanza, kisha wakayapaka kijani upande mmoja na nyekundu upande wa pili, ili kamba ikivutwa mnyama mzima abadilike rangi.

Hapo mwezi wa Mei shemeji yake mkubwa, Mzee Gitobu, mwenyekiti wa kikundi cha ndizi na mzee wa kanisa, aliposikia kwamba wajukuu wake wanashika kinyonga, ambaye wazee wa huku humwona kuwa mkosi, alifunga banda na kutia ufunguo mfukoni kwa wiki tatu. Mwalimu hakugombana naye, alihamisha darasa zima, na gundi, na ngoma, na ndoo za rangi, hadi kwenye veranda ya huyo mzee, akafundishia hapo kila jioni, mpaka mzee akautoa ufunguo mwenyewe, kofia yake ya kanisani ikiwa na madoa ya kijani.

Mwezi wa Juni aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Meru mjini, na kila alipopata nguvu alirudi bandani, hadi tarehe 22 Septemba 2025 alipotuacha, kinyonga akiwa amekamilika isipokuwa mkia, uliokosa wiki zile tatu. Onyesho lilikuwa limepangwa Ijumaa, tarehe 3 Oktoba, na kamati ya mazishi ilipotaka liahirishwe, Gacheri, wa miaka saba, alisimama mbele ya wazee akasema, "Mwalimu alisema show ni Friday. Sisi tutakuja tu." Ndiyo sababu tunamzika leo, Ijumaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kuchota maji, walimu wenzake waliotoka Embu alfajiri, na nyote mliofika.

Na kabla sijakunja karatasi hii, wale msionijua, Gitobu ni mimi. Nilikosea, na inaniuma kwamba sikumwambia akiwa hai. Wiki hii yote nimeketi bandani nikifundishwa kusuka na Gacheri, mdogo kuliko wote, ambaye amenifumulia kazi mara nne, na jana saa kumi alikubali imetosha. Sasa naomba mwenye kipaza sauti anipokee, kwa sababu watoto wananiita, na mahali pangu ni kule nyuma kabisa.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, mkia umefika.