Tumbo la Debe

Benchi la kijiwe cha Igawa ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, kando ya barabara kuu, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga. Malori ya Tunduma yakipita, ubao unatetemeka na kahawa inaruka vikombeni, lakini hakuna anayeinuka. Asubuhi ile ya mavuno upepo ulikuwa wa baridi, na wenyewe walikuwa wamekaa kama kawaida yao: Breki, dereva wa lori aliyestaafu, Katibu, anayeandika mihtasari ya kanisa na kuongea kana kwamba anaisoma, na Profesa, fundi wa pancha, ambaye hajawahi kushindwa ubishi tangu ahamie kutoka Tukuyu. Mzee Liberatus alikuwa akiwamiminia kahawa. Ndipo Shigela akafika na debe begani, akalitua katikati yao, asiketi.

– Profesa, niazime nyundo.

– Ya nini?

– Nataka kulirudisha hili tumbo.

Wote wakaliangalia debe. Lilikuwa na kitambi. Wanunuzi wa pale karibu wote wanalo la namna hiyo: linashindiliwa mchanga mbichi, linatwangwa kwa mchi mpaka mbavu zinatoka nje, na mkulima akipimiwa humo anatoa zaidi ya anachodhani. Hilo Shigela alilitwanga mwenyewe, siku alipopewa kazi ya kumnunulia mpunga Mzee Anania, tajiri wa Mbalizi. Wakati huo alikuwa hajabatizwa. Pasaka iliyopita amebatizwa, na tangu hapo kila akiliinua debe anaona kama limekuwa zito hata likiwa tupu.

– Sasa Anania amesema nini? akauliza Mzee Liberatus.

– Nilimpigia jana. Nikamwambia nataka kupimia debe la haki. Amesema lori linakuja leo asubuhi. Ama nipime na hili, ama kazi nimkabidhi mwingine.

– Na wewe umesema?

– Simu ilikuwa imeshakatwa.

Breki akacheka mpaka akakohoa.

– Shigela bwana! Ng'ombe zako ziliisha na ukame. Shamba ni la kukodi. Hiyo kazi ukiiacha, mkeo utamlisha zaburi?

– Ndiyo maana sijalala, akasema Shigela.

– Basi nikutulize. Mungu angekuwa hataki hilo debe, si lingetoboka zamani? Mimi lori langu halikuwa na breki, na nilikuwa nafika Dar. Asingetaka nifike, ningefika?

– Ulifika mtaroni pia, akasema Mzee Liberatus. Mara mbili.

– Huko nako alitaka nifike!

Katibu akaweka kikombe chini na kusafisha koo.

– Ndugu wajumbe, tusiende haraka. Ndugu Shigela, naomba unijibu. Mabati ya kanisa letu alitoa nani?

– Mzee Anania.

– Siku unabatizwa, mvua ilikuwa inanyesha. Ulilowana?

– Nililowana kichwa. Maji ya mchungaji.

– Nasema ya mvua.

– Sikulowana.

– Kwa hiyo?

Shigela akaligusa debe kwa ncha ya kandambili.

– Kwa hiyo yale mabati yametoka humu.

Katibu akainua kikombe anywe. Kilikuwa kitupu, lakini alikiweka mdomoni muda mrefu.

– Gwe, hebu nisikilizeni mimi, akaingilia Profesa kwa Kinyakyusa chake. Hili ni jambo la akili. Mkulima anajua debe lina tumbo? Anajua. Analeta mpunga? Analeta. Mtu akiibiwa huku anajua, huo si wizi tena, ni utaratibu. Sasa wewe uje na debe lako jembamba, wakulima wote wa Usangu watakimbilia kwako. Wanunuzi wengine watarudi nyumbani mikono mitupu. Nani mwizi hapo?

– Ni Shigela, akasema Breki.

– Ni Shigela! Na amebatizwa juzi tu.

– Halafu mpunga wenyewe wa siku hizi umenenepa, Breki akaendelea. Mbolea. Punje imekua, debe lisikue?

– Vitu vyote vinakua, akaunga mkono Profesa. Hata barabara hii walitanua.

– Mimi naenda mbali zaidi, akasema Katibu, sauti ikiwa imemrudia. Baraka za Mungu huwa zinamwagika, si ndiyo? Zinamwagika kwa nini? Kwa sababu vyombo vyetu ni vidogo. Mtu mwenye debe la tumbo amejiandaa. Wewe ukiligonga lirudi ndani, umemwambia Mungu apunguze.

– Ndaga fijo, Katibu! akashangilia Profesa, akimshukuru kwa lugha ya kwao. Huko mbinguni lazima madebe yote yana matumbo.

Shigela hakuwa mtu wa maneno. Aliwasikiliza mmoja mmoja, na baya zaidi ni kwamba kila mmoja alimpa nafuu kidogo. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtisha. Akanyoosha mkono.

– Nyundo, Profesa.

Profesa akaitoa chini ya benchi, kwa shingo upande. Shigela akalilaza debe ubavu kwenye gogo, akainua mkono.

Wakati huohuo mkokoteni wa ng'ombe wenye magunia ya mpunga ukasimama. Mama mmoja akashuka, kanga ameikaza kiunoni, vumbi la Usangu mpaka kwenye kope. Akamsalimia Shigela kwa Kisukuma, maana aliona tu kwamba ni wa kwao.

– Mwangaluka, baba.

– Mwangaluka, mama.

– Naitwa Minza. Nimeelekezwa kwa mnunuzi wa Mzee Anania.

– Ni mimi.

Akamtazama, akatazama debe, akatazama nyundo.

– Unafanya nini?

– Nalitoa tumbo.

– Ahaa. Utagonga mpaka wapi?

Mkono wa Shigela ukabaki hewani. Akamgeukia Profesa, Profesa akamgeukia Breki. Breki akatazama barabara. Wote walikuwa wamezeeka na madebe yenye matumbo. Hakuna aliyekumbuka lililonyooka lilivyokuwa.

Shigela akaweka nyundo chini. Akaenda kwenye jiko la Mzee Liberatus, akabeba dumu la maji la lita ishirini, sawa na debe la haki, limejaa mpaka shingoni.

– Hayo ni maji yangu ya kahawa! akapiga kelele mzee.

– Nitakuchotea mengine.

Akalisimamisha debe, akaanza kumimina ndani yake. Wote wakainuka, hata Breki, wakasogea kuchungulia. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika kwenye tumbo, yakatulia pale kana kwamba yamekaa kitako. Dumu likakohoa tone la mwisho. Kati ya maji na mdomo wa debe ilibaki nafasi ya kiganja kizima.

Minza akaingiza mkono, akauweka katika ile nafasi tupu, juu ya maji.

– Hii ndiyo yangu, akasema. Hakusema kwa hasira.

Simu ya Shigela ikaanza kulia. Honi ya lori nayo ikasikika upande wa Mbeya. Shigela akaichukua simu, akasimama wima kama siku ile ya ubatizo.

– Shikamoo, Mzee Anania. Nipo. Debe ninalo, lakini nimeshaliona ndani. Mtafute mwingine.

Safari hii ni yeye aliyekata. Akamwaga maji, akaokota nyundo, akapiga pigo la kwanza.

– Mzee Liberatus, akaita Breki baada ya muda, niongezee kahawa.

– Maji ameyamwaga, akajibu mzee.

Wakaketi na vikombe vitupu, wakisikiliza nyundo.