Biskuti za Mstari wa Mbele

Mama aliyeketi dirishani mwa treni alikuwa anarudi nyumbani na barua ya kustaafu. Miaka kumi na tisa alifungasha biskuti za wanajeshi kiwandani, na hakuwahi kukutana na hata mtu mmoja aliyezila. Sasa, kwenye kiti cha mbele yake, wazee wawili waliokuwa jeshini walikuwa wanabishana kuhusu hizo hizo.

"Zilikuwa matofali," alisema mwenye mkongojo. "Jino langu lilivunjikia vitani, na adui hakuhusika."

"Usizikufuru, ndugu yangu," alijibu mwenye kofia. "Sisi tulizingirwa siku sita, mvua haikatiki. Mchele ukaota ukungu, maharage yakachacha. Biskuti zilibaki kavu vilevile. Tulikwenda kumi na mmoja, tukarudi kumi na mmoja."

"Kavu! Si ndilo kosa lenyewe?"

Mama akajikohoza. "Samahani, kaka zangu. Pakiti zilifungwa mara mbili?"

"Mara mbili, dada. Tulizipasua kwa kisu," alijibu mwenye kofia.

"Basi ni mimi niliyeng'ang'ania hivyo. Msimamizi alisema naharibu karatasi. Nikamwambia anifukuze, lakini sizifungi mara moja."

Mwenye kofia akasimama wima, akampigia saluti. Behewa zima likageuka. Mama akaipokea bila kuinamisha macho.

"Kwa kufunga, hata mimi nakupa saluti," alisema mwenye mkongojo. "Lakini mwokaji nina neno naye!"

Treni ikasimama. Wakashuka wakiendelea kubishana, mama katikati yao, kifua mbele.